Funguo Zinazobaki kwa Fundi

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa Feri, ndani ya banda la abiria wanaosubiri pantoni ya Kigamboni. Alikuwa anatoka Kariakoo kuongezewa RAM kwenye laptopu yake. Fundi alifungua mfuniko, akapachika RAM, akaingia BIOS na kubadilisha mambo mawili matatu, akawasha, nembo ya kampuni ilipotokea akaizima, akasema tayari. Binti akalipa, akapanda daladala. Pale Feri foleni ilikuwa ndefu, akaona atumie nafasi hiyo kumalizia ukurasa wa mwisho wa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Skrini iliyomjia haikuwa na picha wala jina lake. Ilikuwa ya bluu tupu, na kisanduku kimoja kinachotaka tarakimu 48.

"Mjomba, inataka ufunguo. Ufunguo gani tena, na pasiwedi yangu mimi naijua?"

Nilimwambia asibonyeze kitu, aizime, avuke. Laptopu ile ilikuwa imepigwa Windows 11 miezi miwili nyuma na fundi mwingine, naye pia wa Kariakoo. Kwa hiyo nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza, na sikutaka kumuuliza akiwa kwenye msongamano wa pantoni: siku ile ya kupiga Windows, baruapepe iliyoandikwa ilikuwa ya nani?

Hapo ndipo suala zima lilipo. Tumezoea kuiona kompyuta iliyojifunga baada ya kuwekewa mfumo mpya kama mashine iliyoharibika, sawa na iliyoungua feni au kuvimba betri. Tunaipeleka kwa fundi na kusema "imegoma". Lakini mara nyingi haijagoma. Kufuli linafanya kazi yake sawasawa, ila ufunguo alikabidhiwa mtu mwingine, au haukukabidhiwa mtu kabisa.

Tuanze na majina, maana vurugu inaanzia kwenye majina. Mezani kwa fundi neno "pasiwedi" hubebeshwa vitu visivyo na undugu. Kuna nywila ya akaunti, ambayo inatambuliwa na seva za Microsoft na ndiyo hiyo hiyo inayofungua baruapepe yako. Kuna PIN, namba fupi ambayo Windows inakutaka uitengeneze mwishoni mwa usakinishaji. Hii haiendi popote, inakaa ndani ya mashine ile ile chini ya ulinzi wa chipu iitwayo TPM, na ukipiga Windows upya ile ya zamani imekufa hata kama vidole vyako bado vinaikumbuka. Kuna ufunguo wa bidhaa, herufi na tarakimu 25, ambao ni leseni tu: ukikosekana utaona maandishi ya kukukumbusha kwenye kona ya skrini, lakini mlango haufungwi. Kuna nywila ya BIOS, inayokuja kabla hata mfumo haujaamka. Na kuna huo wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita, ambao ni ufunguo wa diski yenyewe. Kila kundi la sita linagawanyika kwa 11 bila kubaki kitu, na kwa hesabu hiyo mashine hutambua mapema kwamba umekosea kusoma tarakimu. Wamefikiria sana, waliotengeneza kitu hiki. Wasichoweza kukifikiria kwa niaba yetu ni nani atakayeitunza ile karatasi.

Mteja anayesema pasiwedi imekataa anaweza kuwa anazungumzia lolote kati ya hayo, na dawa ya moja haitibu jingine. Nimeshuhudia mtu akipigiwa Windows upya, picha zake zote zikafutwa, kwa sababu tu alisahau PIN. Palikuwa na kiungo kidogo chini ya kisanduku kinachomruhusu kuingia kwa nywila ya akaunti, na nywila hiyo alikuwa anaijua. Mwingine alibadilisha nywila kwa simu usiku, asubuhi laptopu ikaikataa. Haikuwa na intaneti, kwa hiyo ilikuwa bado inaitambua ile ya zamani. Kwenye skrini ya kuingilia kuna alama ya mtandao pembeni. Washa hotspoti ya simu, iunganishe hapo hapo, jaribu tena. Mambo haya ni mepesi, yanahitaji dakika tano na bando kidogo.

Balaa la kibodi si jepesi hivyo, na mafundi wachache sana hulitaja. Laptopu za mtumba tunazonunua zimetoka nchi nyingi, na kila nchi ina mpangilio wake wa herufi. Ya Ujerumani ina Z mahali tulipozoea Y. Ya Ufaransa ina A mahali pa Q, na tarakimu za juu zinataka ushikilie Shift. Ya Uingereza, ambayo tunaidhani ni ya kawaida, imechapwa @ kwenye kitufe cha karibu na Enter, wakati ile ya Marekani inaiweka juu ya 2. Fundi anapopiga Windows huchagua kibodi ya Marekani kwa mazoea, kwa sababu ndiyo inayokuja ya kwanza, na kuanzia hapo kinachosomeka kwenye kitufe na kinachoingia kwenye mashine ni vitu viwili.

Mama mmoja mwenye steshenari alikuwa na nywila yenye @ katikati. Aliitengeneza kwenye simu, akaikariri, akaiandika na kwenye daftari la mauzo. Kwenye laptopu iliyotoka kupigwa Windows ikakataa mara tano. Alama zinazotokea ni vidoti, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua kwamba kila alipobonyeza @ mashine ilipokea alama ya kunukuu. Tulibonyeza alama ya jicho mwishoni mwa kisanduku, maandishi yakaonekana, akacheka kwa nguvu hadi wateja wakageuka. Kwenye kona ya skrini palikuwa pameandikwa ENG US. Kuibadilisha kuwa ya Uingereza kulichukua nusu dakika. Fundi aliyempigia Windows alikuwa ameshamwambia arudi nayo Jumatatu, "tuanze upya".

Wanaotumia Linux nao wana yao. Vijana wa vyuo wanaojaribu Ubuntu au Linux Mint kwa flashi kabla ya kusakinisha hukuta skrini imejifunga yenyewe na inadai nywila ambayo hawajawahi kuiweka. Kwenye Ubuntu ya majaribio jina la mtumiaji ni ubuntu, kwenye Mint ni mint, na nywila huachwa wazi: bonyeza Enter. Ukishasakinisha, nywila ni ile uliyoiandika wewe mwenyewe wakati wa kusakinisha. Ukija kuisahau, kuna njia ya kuibadilisha kupitia menyu ya kuwashia mashine, ilimradi hukufunga diski kwa nywila ya pili. Ikiwa ulifunga diski na nywila hiyo imepotea, hakuna fundi wala mganga.

Sasa nirudi kwenye lile ninaloliona kubwa.

Kwa miaka mingi skrini ya kuingilia ya kompyuta ilikuwa pazia. Nywila za kompyuta zilianza MIT kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS wa Fernando Corbató, ili watu wengi wanaotumia kwa pamoja mashine moja kubwa kila mmoja awe na mafaili yake. Mwaka 1966 hitilafu ikasababisha faili lenye nywila zote lionekane kwa kila aliyeingia. Pazia lilipasuka mapema. Na kompyuta za mezani zilizotufikia sisi, zenye XP na baadaye Windows 7, zilikuwa na pazia hilo hilo: diski ilikuwa wazi, aliyejua kuwasha mashine kwa CD au flashi aliweza kuifuta nywila na kuacha mafaili salama. Mafundi wetu walijenga heshima yao juu ya ufundi huo. Mtu alikuja na mashine imefungwa, akaondoka imefunguliwa, akasimulia nyumbani kwamba Kariakoo hakuna kinachoshindikana.

Heshima hiyo waliistahili, na historia yetu inaeleza kwa nini ilikuwa kubwa kiasi hicho. Kompyuta ya kwanza ilisimikwa Tanzania mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vinavyofanana nazo, na ilichukua miaka mingi mlango huo kufunguka tena. Wengi wetu hatukufundishwa kompyuta na mwalimu. Tulifundishwa na fundi, juu ya mashine ya mtumba, kwa kusimama nyuma yake tukiangalia vidole vyake. Alichokifanya yeye ndicho tulichokijua kuwa sahihi.

Lakini pazia limekuwa ukuta. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai chipu ya TPM 2.0, na toleo lake la nyumbani linadai intaneti na akaunti ya Microsoft kabla halijakuruhusu kuingia mara ya kwanza. Akaunti ikishaandikwa, kwenye mashine inayokidhi masharti, diski hufungwa kimyakimya kwa usimbaji wa BitLocker, na ule ufunguo wa tarakimu 48 hutumwa kuhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 lililegeza masharti, kwa hiyo mashine zinazofungwa hivyo zimeongezeka. Siku za kawaida huoni chochote. Chipu inakagua jinsi mashine ilivyoamka, ikiona ni kama jana inaitoa siri, Windows inafunguka. Siku mtu akibadilisha mipangilio ya BIOS, akazima Secure Boot ili awashe flashi, au akahamishia diski kwenye mashine nyingine, chipu inashuku kwamba kuna mgeni ndani ya nyumba na inakataa. Ndipo inapokuja ile skrini ya bluu.

Fikiria sasa meza ya fundi siku ya Jumamosi. Ana mashine sita zinazosakinishwa kwa mpigo, waya zimepishana, wateja wamesimama, wengine wameacha vitu wakaenda Mtaa wa Kongo kununua nguo. Windows inafika kwenye ukurasa wa akaunti. Mwenye mashine hayupo, au yupo lakini hakumbuki nywila ya baruapepe aliyofunguliwa na mtu mwingine siku aliponunua simu. Fundi anafanya nini? Anaandika baruapepe yake, au moja aliyoitengeneza kwa ajili ya kazi hiyo, anaweka PIN ya 1234, anabonyeza Next, Next, Next, kazi imekwisha. Mteja anapewa mashine na PIN yake. Anaibadilisha PIN akifika nyumbani, anajiona salama. Hajui kwamba ufunguo wa diski yake umelala kwenye akaunti ya mtu anayemfahamu kwa jina la "fundi" tu.

Fundi hakuwa na nia mbaya, na wengi wao hawajui kwamba jambo hilo limetokea, kwa sababu mashine haikusema kwa sauti. Na iliposema, ilisema kwa Kiingereza. Lugha ina sehemu yake hapa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili; Windows 10 nayo ilikuwa na pakiti ya Kiswahili ya kupakua. Hata hivyo sijawahi kukuta meza ya fundi inayosakinisha kwa Kiswahili. Tunabonyeza kurasa ambazo hatukuzisoma, fundi na mteja wote wawili, na ukurasa mmoja kati ya hizo ndio unaoamua mali ni ya nani.

Wimbi la sasa lina tarehe yake pia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza rasmi kuihudumia Windows 10, mfumo wa mwaka 2015 uliobeba ofisi ndogo, steshenari na mabweni yetu kwa miaka kumi. Anayejiandikisha anapata nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Wengine wote wanasukumwa kuelekea Windows 11. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu waliokaa na mfumo mmoja miaka mingi wanapita mezani kwa fundi kwa mara ya kwanza tangu diski zianze kujifunga zenyewe, nao bado wana mazoea ya zama za pazia.

Mafundi wazoefu wana jibu lao, na ni lazima nilieleze kwa haki. Wanatumia Rufus, programu ndogo ya bure ya kutengenezea flashi ya kusakinisha. Ukiwa unatengeneza flashi hiyo inakuuliza: niondoe sharti la TPM? Niondoe sharti la akaunti ya Microsoft? Nizime usimbaji wa diski unaojiwasha wenyewe? Fundi anaweka tiki zote. Mashine inatoka na akaunti ya ndani ya mashine tu, diski iko wazi kama zamani, na mteja akisahau pasiwedi atasaidiwa bila kupoteza faili. Nilipombishia mmoja wao alinijibu kwa upole, "Kaka, mimi wateja wangu nawajua. Ukimpa karatasi yenye namba 48 ataifungia maandazi. Nikiacha diski wazi namsaidia."

Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, na kwa mashine ya zamani ya steshenari isiyotoka mezani huenda ndiyo njia bora. Ila kwa laptopu inayotembea mjini sikubaliani naye. Vishandu, wakwapuaji wa Dar es Salaam, hawachagui begi. Laptopu yenye diski wazi ikichukuliwa, aliyeichukua amepata vyeti vyako vilivyoskaniwa, picha za watoto, taarifa za benki, kumbukumbu za wateja wako. Ikiwa imefungwa kwa usimbaji, amepata bati na kioo. Hiyo ni faida ambayo mtu wa kipato kidogo anaihitaji kuliko tajiri, na si haki aondolewe kimyakimya kwa tiki ya flashi bila kuulizwa. Zaidi ya hapo njia zenyewe zinazibwa: tangu mwaka 2025 Microsoft imekuwa ikiondoa, moja baada ya nyingine, mbinu za kuukwepa ukurasa wa akaunti kwenye matoleo yake ya majaribio. Ufundi unaotegemea upenyo hauna umri mrefu.

Kinachonishangaza ni kwamba nidhamu tunayoihitaji tunayo tayari, ila tumeiacha mlango wa pili. Nenda kwa wakala yeyote wa pesa za simu pale Feri, chini ya mwavuli wake. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na katika miaka hii tumejifunza sote, bibi wa kijijini na kijana wa bodaboda, kwamba namba ya siri haitajwi. Mtu akija dukani akaanza kuitamka kwa sauti, wakala mwenyewe humkatisha: "Mama, ingiza mwenyewe." Hakuna aliyesomea hilo chuoni. Ni desturi, imejengwa na watu wa kawaida kwa sababu kila mmoja aliona pesa zinavyopotea. Mtu huyo huyo akitoka kwa wakala akavuka barabara hadi kwa fundi, humwachia kompyuta, pasiwedi ya baruapepe kwenye kipande cha karatasi, na ruhusa ya kufanya atakavyo hadi saa kumi. Kwa nini fundi asimgeuzie mteja mashine ikifika ukurasa wa akaunti, na kumwambia ingiza mwenyewe?

Kuna kundi jingine la kufuli ambalo fundi hahusiki nalo, na mnunuzi wa mtumba anapaswa kulijua kabla hajatoa pesa. Makampuni ya Ulaya na Marekani husajili laptopu za wafanyakazi wao kwenye mifumo ya usimamizi kama Windows Autopilot ya Microsoft. Usajili huo unakaa kwenye seva kwa alama za mashine yenyewe. Ufute diski, ubadilishe diski, upige Windows mara kumi, mashine ikigusa intaneti wakati wa kuandaliwa itamkaribisha mtumiaji kwa jina la kampuni ya mbali na kudai akaunti ya kazi. Kwa Apple mambo ni magumu zaidi: MacBook zenye chipu ya T2, zilizoanza kuenea mwaka 2018, na zote zilizokuja baadaye zinaweza kufungwa na mwenye akaunti wa kwanza, na kufuli hilo halitoki kwa kusakinisha macOS upya. Chromebook za shule na ofisi zina lao. Muuzaji mjanja humwonyesha mnunuzi mashine ambayo imesakinishwa bila intaneti, kila kitu kinawaka, na siku utakapoipiga upya nyumbani ukiwa na bando ndipo mwenye mali wa awali anapojitokeza.

Hapo hakuna hila ya kufundishana. Dai mashine iwashwe kutoka mwanzo kabisa mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako, na usilipe mpaka uone ukurasa wa kuweka akaunti yako mwenyewe. Dai risiti ya EFD, na omba namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini au iliyopo kwenye BIOS, iandikwe kwenye risiti. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako ukiulizwa umeipata wapi.

Maana swali hilo nalo lina uzito wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Fundi anayefungua laptopu aliyoletewa na mtu asiye mwenyewe anajiweka pabaya hata kama alilipwa na akatoa tabasamu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu wengine azitunze na azitumie kwa kusudi lililokubaliwa. Akaunti moja ya baruapepe yenye funguo za diski za wateja mia ni akiba ya taarifa nyeti, hata kama mwenye akaunti hiyo hajawahi kuifikiria hivyo. Akiibiwa simu, wamefunguliwa wote.

Mafundi wanaouliza "hii ni yako?" kabla hawajashika bisibisi nimewakuta. Ni wachache, na nawapenda. Mmoja ana daftari la jalada gumu: tarehe, jina, namba ya mashine, kazi iliyofanyika, sahihi ya mteja. Akimaliza kupiga Windows anaingia na mteja kwenye ukurasa wa akaunti, anamfundisha kuutazama ufunguo wa diski, anauchapa kwenye karatasi, kisha anaizima mashine na kumwambia mteja aiwashe na kuifungua kwa mkono wake. Hapo ndipo anapopokea pesa. Bei yake si kubwa kuliko ya majirani. Inamchukua dakika saba zaidi, nimezihesabu.

Laptopu ya mpwa wangu haikuwa na bahati hiyo. Tulimtafuta fundi wa kwanza, yule aliyepiga Windows, tukampata, akatupokea vizuri. Alifungua akaunti yake kwenye simu mbele yetu, ikashuka orodha ya mashine, majina yote yakianza na DESKTOP na mkia wa herufi zisizosomeka. Skrini ya bluu huonyesha kitambulisho cha ufunguo, na sisi tulikuwa tumeziandika herufi zake nane za mwanzo kwenye kiganja. Tulizilinganisha moja moja, tumeinama watu watatu juu ya simu moja, hadi mwisho wa orodha. Haikuwemo. Akakumbuka kwamba miezi miwili nyuma alikuwa akitumia baruapepe nyingine, na nywila ya hiyo ilikuwa imempotea pamoja na laini ya simu aliyoisajilia. "Dada'angu, nisamehe," alimwambia. "Sikujua kama inafunga diski." Namwamini.

Tulijaribu pia kurudisha mipangilio ya BIOS kama ilivyokuwa, jambo ambalo wakati mwingine huiridhisha chipu na mashine ikafunguka yenyewe. Fundi wa RAM hakukumbuka alichokibadilisha. Baada ya siku nne tulifuta diski. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo iliandikwa upya kutoka kwenye nakala ya karatasi yenye masahihisho ya penseli ya msimamizi wake. Picha za msiba wa babu yake hazikuwa na nakala.

Windows mpya niliipiga mwenyewe, mezani kwa dada yangu Kigamboni. Ilipofika ukurasa wa akaunti nilimsogezea binti mashine, nikaondoka nikaenda kupika chai. Tarakimu 48 zilichapwa nakala mbili. Moja anayo yeye. Nyingine iko kwenye sanduku la mama yake, ndani ya bahasha moja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.